Ndimi za Bati Zilizokunjwa Mara Mbili

Mtaa mzima ulimwita Stesheni, maana chumba chake cha mbele kilijaa treni za bati za kuchezea, za zamani, kumi na tisa kwa hesabu. Kazi yake ilikuwa fundi bati: ndoo, faneli, mifereji ya mvua. Alipinda bati kwa mikono mitupu, na watu pia. Aliwahi kumng'oa mteja jino kwa sababu mteja huyo alisema ndoo yake inavuja, na ndoo yenyewe ilikuwa inavuja kweli. Ndugu, jamaa na majirani walishamkimbia. Aliyebaki kuja kumjulia hali ni mdogo wake tu, kinyozi wa mtaa wa nyuma, na Stesheni alimpenda kwa namna yake ya kununa.

Siku moja muuza vitabu vya mitumba alimwekea mezani miongozo miwili ya wakusanyaji wa treni hizo. Mmoja mnene, wenye picha za rangi kila ukurasa. Mwingine mwembamba, michoro ya wino tu: jinsi bati lilivyoungwa, mahali alama ya kiwanda ilipogongwa, springi ilivyokaa.

"Chukua huu mnene, mzee. Unaburudisha macho."

"Mimi fundi," Stesheni akajibu. "Picha ni za wasiojua kazi."

Laiti angechukua ule mnene, angetazama rangi na kulala salama. Akachukua mwembamba. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema bati hushikwa na ndimi ndogo zinazopenya kwenye tundu na kukunjwa mara moja tu, kiwandani. Ulimi wenye mikunjo miwili maana yake treni imefunguliwa, na huenda tumbo lake, yaani mitambo ya ndani, limebadilishwa.

Akaigeuza treni ya kijani ya marehemu baba yao, aliyoipenda kuliko zote. Ndimi zote nne zilikuwa na mikunjo miwili.

Treni hiyo ilikuwa imekaa miaka sita kwenye rafu ya kinyozi kabla ya kurudi kwa Stesheni. Hakuhitaji ushahidi mwingine. Alibeba nyundo ya mbao ya kazini, akaenda mchana kweupe.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Stesheni alimshika ukosi, akambamiza kwenye kioo, kioo kikapasuka na paji la uso likapasuka pamoja nacho. Mteja alichomoka na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa ikiwa na nywele.

"Umemuuzia nani tumbo la treni ya baba?"

"Tumbo gani, kaka?"

Ngumi ikamjibu. Meno mawili yakaanguka kwenye sinki. Kinyozi alishika meza asianguke, mkono wa kulia umetandazwa, mkono wa mkasi, na Stesheni akaushushia nyundo. Akashusha tena. Mifupa ililia mara zote mbili.

"Ndimi zimekunjwa mara mbili. Nani aliifungua?"

Kinyozi alikuwa sakafuni sasa, akitema damu.

"Wewe," alisema. "Ulikuwa na miaka tisa. Uliifungua kwa kisu cha meza, ulitaka kuona springi."

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Stesheni alisimama pale na nyundo yake, na yote yakamrudia: springi ikiruka na kumkata kidole gumba, baba akiingia na mkanda, akiuliza ni nani. Mdogo wake, wa miaka sita, akasogea mbele na kusema ni yeye. Baba alimchapa kwa upande wa chuma mpaka mgongo ukachanika, na Stesheni akiwa nyuma ya mlango, ananyonya kidole chake, kimya. Kitabu kilisema kweli kwamba treni ilifunguliwa. Hakikuwa na ukurasa wa kumwambia nani aliifungua.

Alipiga magoti, akanyoosha mikono amwinue.

"Mdogo wangu, nisamehe."

Kinyozi aliuvuta mkono wake kifuani. Vidole vitatu vilitazama kusikostahili.

"Siku ile nilijitolea mwenyewe, kaka," alisema. "Leo hukuniuliza kama nakubali."

Kisha akamwita fundi viatu wa mlango wa pili, aje ampeleke hospitali.