Kombe la Mamangu

Kazi yangu ni kuwachora maharusi hina, na mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Nilimwambia hivyo daktari wa akili wa kliniki ya Ganjoni, si mara moja wala mbili. Vidonge vyake vilinirudishia akili, sikatai. Kabla yake nilikuwa nikizozana na watu wasiokuwapo. Lakini vilinichukulia mikono, na ua la bi harusi halichorwi kwa mkono unaocheza.

"Daktari, nataka kuacha."

"Dada, ukiacha utaugua tena."

"Basi nipunguzie."

"Tutaangalia kliniki ijayo."

Nikamnyooshea mikono. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye alitazama faili.

Nikaacha mwenyewe. Nikamwambia mamangu, ninayeishi naye Mji wa Kale, kwamba sivimezi tena. Nilidhani atanigombeza.

"Haya, mwanangu," akasema. "Basi nitakupa kombe."

Kila asubuhi akaniletea bakuli: aya zilizoandikwa na mwalimu kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi. Nikanywa kwa bismillahi. Lilikuwa chungu kidogo, nami nikajiambia dawa haiwi tamu.

Miezi miwili ikapita. Sauti hazikurudi, ila mikono haikutulia. Nililia sana. Kumbe si vidonge, ni mimi mwenyewe niliyeharibika. Nikampa shoga yangu koni zangu za hina na maharusi wangu wote.

Siku ya kliniki mamangu alinisindikiza, nami nikamwambia daktari kwa kiburi na machozi: nimeacha, na akili yangu ni nzima. Akaitazama mikono yangu kwa mara ya kwanza. Kisha akamtazama mamangu.

Mamangu akainama. "N'livisaga vidonge vyake, n'kavitia ndani ya kombe. Mulisema asiache. Ningefanyaje mie, nami n'limuona akipotea?"

"Umeona basi, dada?" daktari akasema. "Vinakufaa." Akaandika kwenye faili.

Nilitaka kupiga kelele nikajizuia. Mwenye wazimu akipiga kelele huandikwa tu. Hakuna aliyeniuliza habari ya mikono, wala ya miezi miwili niliyojichukia bure.

Kesho yake mamangu aliweka mbele yangu vidonge kwenye kisahani, na bakuli la kombe pembeni.

"La leo halina kitu, wallahi," akasema.

Vidonge nilivimeza, kwa kuwa niliviona. Kombe lilinishinda.