Ndugu wa Mahari

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa kituo chetu cha mifugo, nje kidogo ya Shinyanga, alinikabidhi mashine ya hesabu yenye mkono wa kuzungusha. "Binti, hii haina akili," akasema. "Ukiilisha uongo, itakujibu uongo wenye desimali." Mimi mtoto wa mwenye duka, ng'ombe nikiwajua buchani tu!

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulitafuta kwa nini ng'ombe mmoja ana maziwa mengi na mwingine haba. Maziwa si kama pembe, ambazo zipo au hazipo. Vinasaba vingi huchangia kidogo kidogo, na malisho nayo yamo. Basi tulilinganisha ndugu. Wakifanana kwa maziwa kuliko wasio ndugu, basi sehemu ya tofauti za maziwa imetoka damuni, nasi tukaiita urithikaji. Hesabu zilizonishinda zilitobolewa kwenye kadi, zikapelekwa kwenye kompyuta Dar es Salaam.

Majibu yaliporudi, dume la Mama Limi, mjane wa kijiji cha jirani, lilitakiwa kuhasiwa, kwa kuwa dada zake wanne hawakuwa na maziwa. Nilifuatana na Bwana Mifugo aliyebeba koleo la kuhasia. Mama Limi alisimama mlangoni mwa zizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Dume ninalo hili moja tu. Limekosa nini?"

"Dada zake hawana maziwa."

"Dada zake wepi?"

Nikamwonyesha. "Si ulituambia hawa ni ndugu?"

"Ndugu, ndiyo! Walikuja pamoja, mahari ya Limi. Kila mmoja katoka zizi lake. Mama yake dume ni yule pale, alikuja akimnyonyesha." Akanionyesha ng'ombe mwenye kiwele kinachokaribia kugusa chini.

Bwana Mifugo akashusha koleo.

Mkuu alisikiliza habari yote. "Rudini kwenye mazizi yote," akasema. "Neno ndugu msilitaje. Ulizeni nani kamzaa nani."

Kiangazi kizima kilikwisha tukiuliza. Dume lilibaki dume, na mitamba yake ilikuja kumjazia Mama Limi vibuyu.

Sasa nimestaafu. Vijana husoma vinasaba kwenye kompyuta bila kumuuliza mtu, nami nawaonea wivu kidogo. Juzi binti yangu kaolewa na Msukuma wa Kahama, na ng'ombe wa mahari wakaingia uani kwangu, kila mmoja na rangi yake. Mchuuzi akaja kutaka yule mweupe. Nikawatazama, hata tone la damu moja halikuwapo kati yao.

"Huyo simuuzi," nikamwambia. "Ana ndugu zake."