Nilikula Nyama Meno Yakiwa Yamefungwa Waya

Mimi ni fundi wa mashine ya kupasua mbao hapa Mafinga, na kabla ya ajali nilikuwa mtu wa kula. Nasema bila aibu. Mahindi ya kuchoma nilikuwa nayatafuna mpaka gunzi linaomba msamaha. Jikoni sikuwa naingia. Sahani ilikuja, nikaisafisha, basi. Ushuhuda huu nauandika badala ya kusimama kanisani kuutoa, kwa sababu taya langu bado linachoka nikisema sana, na likichoka natokwa mate mbele za watu.

Siku ile gogo lilikuwa bichi. Msumeno ukabana, ubao ukarudi nyuma na kunipiga chini ya kidevu. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mdomo umejaa changarawe, na nilipotema kiganjani nikaona damu nzito na meno yangu mawili ya pembeni. Taya la chini lilikuwa limevunjika pande zote mbili, linaning'inia kama droo iliyotoka kwenye reli zake.

Hospitali, kule Iringa mjini, waliyafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya. Daktari akaniambia, "Mfupa utaunga wenyewe. Kazi yako ni kula. Kila kitu kiwe cha kunywa, lakini kiwe chakula." Muuguzi akampa mke wangu Atu koleo dogo la kukatia waya, kwamba nikitapika azikate upesi nisije nikapaliwa na kufa. Atu akalifunga kamba na kunivisha shingoni. Nikarudi nyumbani na koleo kifuani, nakula kwa mrija kupitia pengo la yale meno mawili. Ubao ulinidhulumu mengi lakini pengo hilo nalishukuru.

Atu hakuweza kukaa nyumbani. Ana kibarua kwenye kitalu cha miche ya misindano, ile miti ya mbao. Kwa hiyo alikuja shangazi yangu kutoka Igowole, dada wa marehemu baba, na kuku kwapani. Alinipenda sana yule mama, na akaanza kuniua taratibu.

Kila asubuhi alichemsha supu. Akaichuja kwenye kitambaa mpaka ikabaki maji ya rangi ya chai, akanipa mimi maji, na nyama akawapa watoto. Uji wa ulezi aliuongeza maji mpaka ukapita kwenye mrija bila kuvutwa. "Supu ndo nguvu yenyewe, baba," alikuwa ananiambia. "Nyama ni makapi tu." Na wageni waliokuja kunijulia hali waliitikia kwa kichwa, maana huku kwetu wote tumekuzwa na imani hiyo. Mzazi hupewa supu, mgonjwa hupewa supu.

Nilikuwa nimejaa maji na nakufa njaa. Suruali nikaifunga kwa kamba ya katani. Choo kikawa vipunje vya mbuzi, tena kwa machozi. Ulimi uliota utando mweupe, na mdomo ulinuka hata mimi mwenyewe nikawa nageuzia uso ukutani. Nikisimama ghafla nyumba inazunguka. Lakini kukataa sikuweza. Chakula cha shangazi hakikataliwi. Ukikikataa, watu watauliza unaogopa nini ndani yake, na mwanamke mzee akishaulizwa swali hilo kijijini, jina lake limekwisha.

Nilichofanya ni kulala kitandani na simu. Nikaanza kusoma blogu za mapishi. Mwanzoni ilikuwa hasira tu. Mtu asiyeweza kufungua mdomo anatazama sambusa! Niliona pilau, kuku wa nazi, maandazi yaliyoumuka, nikawa napiga skrinshoti kila moja na kuihifadhi kwenye albamu niliyoipa jina NITAKULA. Wale akina mama wa blogu wana maneno, jamani. Unatafuta kitunguu kinakatwaje, yeye kwanza anakusimulia harusi ya binamu yake, na bando linakwisha kabla bibi harusi hajafika. Nilijifunza kushuka chini haraka, nikamate vipimo, nipige picha, nitoke.

Tuliporudi kliniki daktari alinipima uzito, akanipima tena.

"Unakula nini?"

Atu akanijibia. "Supu kila siku, daktari. Ya kuku, ya ng'ombe. Na uji."

"Na nyama yenyewe inakwenda wapi?"

Atu akanitazama.

"Mfupa haujengwi kwa maji," daktari akasema. "Ukirudi umepungua tena nakulaza na kukupitishia mpira puani. Na taya likikataa kuunga tunalifungua upya."

Kwenye basi la kurudi sikuwaza mpira wala kisu. Niliwaza kwamba mimi, mtu mzima, nakufa kwa heshima. Nikafungua simu na kutafuta kwa makusudi safari hii, na nikampata mama mmoja aliyekuwa anamlisha mama yake mgonjwa asiyeweza kutafuna. Yeye hakusimulia harusi. Alisema pika nyama mpaka ilegee, isage pamoja na supu yake, tia kitu cha mafuta, usimwage chochote. Nikaihifadhi. Nikahifadhi na nyingine zake zote. Zilidai jibini na krimu, vitu ambavyo sijui kama vinanijua. Sisi tuna parachichi mpaka zinaoza chini ya miti, tuna karanga, tuna maharage. Nikasema zitatosha.

Atu akaazima blenda kwa rafiki yake muuza juisi. Kesho yake nikaingia jikoni. Shangazi alikuwa amekwisha kutandika kitambaa juu ya bakuli, sufuria iko mkononi. Nikaweka kiganja changu juu ya kitambaa.

"Usichuje," nikasema kupitia meno.

"Unanikataza?"

"Nakukataza, Shangazi."

Akaweka sufuria chini polepole. "Mwanaume na sufuria," akasema. "Basi na mimi kesho naondoka. Utanisalimia watu watakaokuzika." Akatoka akakaa kwenye kigoda uani, amenipa mgongo. Jirani alichungulia uani akacheka, akaita na mwenzake aje acheke.

Sikutoka. Nilisaga nyama, kiazi, karanga na parachichi. Ya kwanza iliziba mrija, nikavuta mpaka macho yakataka kutoka. Nikaongeza maziwa, nikasaga tena. Ikapita. Ikashuka nzito, ina ladha ya nyama, na nikalia palepale kwenye jiko la mkaa.

Nilijaza kikombe kingine nikampelekea Shangazi. Hakukipokea. Nikapiga magoti na kukishika mbele yake mpaka mkono ukafa ganzi. Hatimaye akaonja. Akanywa tena. Akamaliza, akapangusa ndani ya kikombe kwa kidole.

"Nyama," akasema. Kisha akafungua mdomo wake kunionyesha, na mimi mtoto wa kaka yake sikuwa nimewahi kuona. Magego yote hayapo, fizi tupu. "Mimi nakunywa supu miaka yote hii, baba. Nikajua na wewe itakutosha."

Nikatazama mikono yake. Ilikuwa myembamba kuliko yangu. Hakuninyima kitu. Alinipa kile kile alichokuwa akiishi nacho.

Hakuondoka. Tulisaga pamoja, yeye anamenya, mimi nasoma kwenye simu. Nilipopimwa tena, daktari alisema, "Hicho unachokula, endelea nacho." Hakuna mpira ulionigusa pua. Waya zilipokatwa, mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja tu, nikaufanyia mazoezi kwa vijiti vya mbao mpaka ukakubali. Mbao zilinivunja, mbao zikanifungua.

Namshukuru Mungu, daktari, na Atu wangu. Nawashukuru akina mama wa blogu wasionijua. Wewe unayemuuguza mtu asiyetafuna, usimpe maji ukayaita nguvu. Saga kila kitu, nyama na yote, kiingie. Na mwanaume mwenzangu, wakikucheka jikoni waache wacheke. Wewe kula.

Shangazi amerudi Igowole na blenda yake mwenyewe. Nasikia anawaambia watu kwamba mapishi hayo alinifundisha yeye. Sikanushi. Juzi alipokuja, alikuwa amenenepa mpaka mlango wa bajaji ukambana kiunoni, basi na aseme anavyotaka.