Mchezo wa Ndoo na Kengele

Mwezi uliopita binti yangu aliniita chuoni kwao, kule Chimwaga, nikaone maonyesho ya wanafunzi wa kompyuta. Kazi yake ilikuwa mchezo: mtu anapanda mlima wa mawe, akikanyaga vibaya kidogo tu anaporomoka mpaka chini na kuanza upya. Hakuna pa kupumzikia, hakuna zawadi. Bwana mmoja mwenye suti alianguka mara sita, ya saba akaisukuma kibodi kando.

"Yaani umekaa ukatengeneza kitu cha kuniudhi makusudi," alimwambia, "halafu kwenye bango umeandika sanaa?"

Binti yangu alinigeukia. "Mama, na wewe unaonaje?"

Nilikuwa nimeshaondoka, rafiki yangu. Mwili ulikuwa Chimwaga, lakini mimi nilikuwa kijijini kwetu, upande wa Mvumi, nina miaka kumi na tatu na sare yangu imelowa mgongoni.

Nililelewa na bibi, mzaa mama. Kuanzia mwezi wa nane visima vilipokauka, maji yetu yalikuwa korongoni, chini ya mchanga. Mnachimba shimo, mnasubiri maji yajikusanye, mnachota kwa kata, taratibu, yasitibuke. Wasichana tuliondoka alfajiri, kanga mabegani, kwa sababu asubuhi za kwetu zina baridi inayouma masikio. Kurudi ni mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani. Hadi leo nikisikia harufu ya mchanga mbichi, shingo yangu inajinyoosha yenyewe.

Kengele ya shule ililia saa moja kamili. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Aliamini muda kama wengine wanavyoamini dawa. Aliyechelewa alipiga magoti kwenye kokoto mbele ya mlingoti wa bendera mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Tuliopiga magoti karibu wote tulikuwa wasichana. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza kwa nini.

Mwaka ule tuliletewa mwalimu wa hesabu, dada mmoja mrefu kutoka Bukoba, ambaye alikuwa hajawahi kuona mto usio na maji. Wiki yake ya kwanza ya zamu alinipigisha magoti siku nne. Siku ya nne jioni alifika nyumbani kunishtaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbukwenyi, mwalimu," bibi akaongeza salamu ya kwetu. "Kaa ule kwanza."

Alikula ugali wa uwele na mlenda, akahangaika na ule utelezi, bibi akajifanya haoni. Kisha akaeleza shida yake: mtoto ana akili, lakini hajali muda. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kiswahili alikipata ukubwani na alikitumia kwa uangalifu, kama mtu anayevuka kwenye utelezi.

"Kesho njoo alfajiri," alisema. "Twende wote. Hayo mengine utanisemea njiani."

Mwalimu alikuja kweli, na raba miguuni. Alisubiri zamu yake shimoni kama sisi, bibi akamtwisha, tukaanza safari. Hatua ya kumi maji yaliyomwagika yalishamlowesha mpaka kiunoni. Alipoharakisha yalimwagika, alipotuliza mwendo jua lilipanda. Alifika shuleni kengele imeshalia, nywele zimelowa, ndoo imebaki na maji ya kunawia mikono tu. Mkuu alimtazama, akatazama saa yake, akaingia ofisini bila salamu.

Shule yetu ilikuwa na kompyuta nne kuukuu, za msaada, zilizowaka pale jenereta ilipopata mafuta. Mwalimu ndiye pekee aliyezijua. Kwa wiki kadhaa alibaki nazo baada ya vipindi, akiandika amri moja baada ya nyingine, na Ijumaa moja akatuita tucheze.

Mchezo wenyewe hata picha ya maana haukuwa nayo. Nukta nyeupe ndiyo mtu, kamstari ka bluu juu yake ndiyo maji. Unabonyeza kitufe cha mguu wa kushoto, kisha cha mguu wa kulia. Ukiharakisha, ule mstari unapungua. Ukienda pole, jua linapanda pembeni mwa skrini. Tulicheza mpaka vidole vikaota malengelenge. Aliyefika na maji, kengele ilikuwa imeshalia. Aliyewahi kengele alifika na ndoo tupu, akarudishwa korongoni kuchota tena mpaka akachelewa. Kila mwisho ulikuwa ule ule, maandishi meupe: *Umechelewa. Piga magoti.*

Wavulana walikasirika kuliko sisi. Kiranja wetu, aliyekuwa wa kwanza darasani tangu la kwanza, alipiga meza. "Mwalimu, hii imeharibika! Haiwezekani kushinda!"

"Haijaharibika," mwalimu alisema. "Jaribu tena."

Na alijaribu tena. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Tulitukana ile mashine, na tulipanga foleni kuigombania.

Ikafika siku ya wazazi. Mkuu alitaka kuwaonyesha kwamba shule yake ina kompyuta, na mwalimu akamkalisha mbele ya ule mchezo. Nilikuwa dirishani na bibi. Mkuu alibonyeza kwa vidole viwili, akitabasamu. Akachelewa. Akarudia. Mara ya tatu tabasamu lilikwisha, akalegeza tai. Mara ya tano baba zetu na mama zetu walikuwa wakisoma pamoja naye, anayejua kusoma akimnong'oneza asiyejua: *Umechelewa. Piga magoti.*

Alisimama. Uso ulikuwa umemwiva. "Mwalimu, huu ni mzaha. Ufute leo hii, na Jumatatu uje ofisini na barua ya kujieleza."

Mwalimu alikuwa kwenye mwaka wa majaribio. Barua moja mbaya ingetosha kumrudisha kwao bila kazi. Na hapo bibi yangu akapita katikati ya watu mpaka mbele.

Nilidhani anakwenda kumtetea. Wapi! "Mwalimu, umekosea," alisema. "Hiyo njia haina watu. Nani anakwenda majini peke yake? Nani kamtwisha huyo? Na mbona hajaweka majani juu ya maji yasimwagike?" Kisha akamgeukia mkuu, kwa sauti ile ile. "Lakini kuchelewa, hapo amesema kweli."

Mama mmoja nyuma akacheka, mwingine akaitikia, "Kweli kabisa," na mkutano ukahamia kwenye chai na maandazi.

Jumatatu tulijipanga kwenye kokoto kama kawaida. Mkuu alipita mbele yetu polepole, akitazama migongo yetu iliyolowa kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Nendeni darasani," alisema. Barua ya mwalimu aliipokea, akaiweka kwenye droo, haikwenda popote. Muhula uliofuata kipindi cha kwanza kilisogezwa mbele, tukapata muda wa kurudi kutoka korongoni.

Mwalimu hakuufuta mchezo. Aliurekebisha. Aliweka majani, na akaweka nukta ya pili, tukacheza wawili kwenye kibodi moja, mmoja akimtwisha mwenzake. Ulibaki mgumu, na bado tulichelewa, ila tulichelewa wawili, tukicheka. Mwisho wa mchezo hakuubadilisha. Mwisho wa kweli, ule wa kwenye kokoto, ulikuwa umeshabadilishwa na mkuu.

Haya yote nilimsimulia binti yangu jioni ile ile, tumekaa kwenye ngazi za jengo lao, watu wakikunja mabango. Akataka kuuona mchezo ule. Nikamwambia haupo. Kompyuta ziliuzwa kama chuma chakavu, mwalimu alihamishwa upande wa ziwa na barua zake zikakoma, bibi tulimzika mwaka niliomaliza chuo. Korongo lipo, lakini maji sasa yanatoka bombani, na mimi silikumbuki korongo kwa hamu. Mateso ni mateso.

Ninachokikumbuka kwa hamu ni kitu kingine. Siku ile ya maonyesho watu walipiga makofi au walikunja uso, kisha wakaenda kwenye soda. Hakuna aliyevuta kiti, akamwambia binti yangu ni wapi mlima wake ulipokosa ukweli. Bibi asiyejua kusoma alisimama mbele ya mashine ambayo hakuwahi kuiona maishani, akamsahihisha mwalimu mbele ya watu, na mwalimu akakimbilia kalamu aandike anachoambiwa. Watu wawili wa namna hiyo, chumba kimoja. Sijawaona tena.