Jogoo wa Mama na Antena ya Fremu

Mama yangu alichinja jogoo kwa sababu redio ilinyamaza.

Msicheke kwanza. Kila wiki mnanitumia ujumbe humu kwenye kundi letu la redio: "Kaka Rachide, nataka kusikiliza masafa ya chini, nitumie antena gani?" Nimechoka kujibu, wallahi. Leo nawapa kisa kizima, mkimaliza mchague wenyewe.

Ilikuwa Palma, huku kwetu Msumbiji, miaka ile gesi imeonekana baharini. Mji umejaa wageni, chumba cha kupanga hukipati. Mdogo wangu Jamaldine akapata kazi ya jikoni kwenye meli ya kuchimba, huko mbali ambako simu haishiki.

Mama yetu, Bi Alima, akaanza kukonda.

"Kazi gani hiyo, mtu hawezi hata kusema nimekula?"

Kabla ya kuondoka, Jamaldine alinivuta pembeni.

"Mano, kaka yangu, wewe si mtu wa maredio? Meli yetu ina mtambo wa kuongoza helikopta. Unapiga alama ileile kutwa kucha, masafa ya chini kabisa. Ukiusikia, jua nipo. Siku ukinyamaza, meli inarudi bandarini, na mimi narudi nyumbani."

Basi bwana, nikaanza na waya mrefu. Nikautoa dukani kwangu, ninakotengeneza simu, nikauvusha uwanja mpaka kwenye mnazi.

Nilichosikia ni jenereta za mtaa mzima! Kila duka na jenereta yake, kila mpangaji na chaja yake. Waya mrefu hauchagui, unameza kila kelele inayopita. Halafu jirani yangu Zaida akauanikia mashuka.

Nikauteremsha. Nikatengeneza antena ya fremu.

Nilipishanisha vijiti viwili, nikazungushia waya wa shaba mizunguko mingi, ikawa kama dirisha lisilo na kioo. Hii ina tabia zake. Ubavu wake ukielekea kituo, unakisikia safi. Uso wake ukielekea kituo, inakuwa kiziwi. Kwa hiyo unaigeuza mpaka inasikia unachotaka na kuacha kelele.

Nikaisimika shambani kwa mama, nje ya mji, ubavu baharini. Nikawasha redio.

Ti-taa-taa. Ti-taa-taa.

Mama akatega sikio. "Ndiye?"

"Ndiyo meli yake, mama. Ikinyamaza tu, ujue anarudi."

Akalia, akacheka, akanifukuza nirudi mjini kwenye kazi yangu.

Tangu hapo, kila akimaliza sala ya alfajiri anawasha redio, anasikiliza kidogo, anazima, anakwenda kupalilia. Chakula kikaanza kupita. Na mimi nikapumua.

Kumbe majirani wanaona mengine.

Siku zile wapimaji wa empresa, yaani kampuni ya gesi, walikuwa wanapita mashambani na vyombo vyao vya miguu mitatu. Chombo kilipoelekea, miti ilihesabiwa, mwenyewe akaandikiwa fidia. Sasa na kwetu kumesimama chombo! Nani atawaambia ni redio? Siku chache tu, mashamba ya jirani yote yamejaa miche mipya ya mikorosho.

Nilicheka sana. Mwenzenu sikujua kitakachonikuta.

Asubuhi moja mama akanipigia simu, sauti kama ya msichana.

"Rachide, funga duka! Redio imenyamaza. Mdogo wako anarudi!"

Nilipofika, jogoo alishachinjwa. Wali wa nazi upo jikoni, mkeka mpya umetandikwa. Mama kavaa kanga ya Idi, na usoni kapaka msiro wa urembo, mweupe pee. Sijamwona amejipamba hivyo tangu baba afariki.

Nikaenda kuikagua antena. Fremu imegeuzwa. Uso mmoja unatazama baharini, wa pili unatazama shamba la jirani yetu, Mzee Ussumane. Na mwenyewe yupo, anamwagilia miche.

"Shikamoo, mzee. Nani kagusa hiki chombo?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi. Kila siku kinatazama shamba la mama yako tu! Nikakigeuza kidogo kione na mikorosho yangu. Si ndiyo ujirani?"

Jamani!

Nikairudisha ilivyokuwa, nikawasha redio.

Ti-taa-taa. Ti-taa-taa.

Meli ipo palepale. Jamaldine yuko huko anamenya viazi vya wageni.

Nikageuka, mama kasimama nyuma yangu. Kasikia yote. Msiro umeshamkauka, umeanza kupasuka kwenye mashavu.

"Mama..."

"Usiseme."

Akakaa kwenye tuta la muhogo. Akaisikiliza ile alama muda mrefu, mikono mapajani. Roho iliniuma sana.

Halafu akasema polepole, "Baba, igeuze tena kama alivyoiweka Ussumane."

"Mama, lakini meli bado..."

"Najua, sijawa mjinga. Wali umeshaiva. Niache leo tu nimgoje."

Nikaigeuza. Redio ikanyamaza. Tukamwita Mzee Ussumane, tukala mkekani watu watatu, na sahani ya Jamaldine imefunikwa kawa. Kila mtu akipita njiani, mama anainua kichwa.

Kwa hiyo mnaouliza: masafa ya chini, chukueni fremu. Waya mrefu utawachosha bure. Ila kabla hujaisimika, muulize atakayekaa na hiyo redio anataka kusikia nini.

Mimi nilidhani mama anataka kuisikia meli.