Nembo kwenye Nyanya za Baba Mdogo

Nianze na ujinga wangu: nilibandika nembo ya kilimo hai kwenye nyanya za baba mdogo, nyanya zilizopigwa dawa ya dukani mpaka zikapauka kama uso uliopakwa poda.

Ilikuwa Jumamosi, sokoni Morogoro mjini. Mama alikuwa ameniachia meza akaenda kutafuta chenji. Baba mdogo alikuwa ameteremka nasi kutoka mlimani, tenga lake likawa jirani na letu. Stika za nembo, za kubandika kabichi zetu, ninazo mkononi, mdomo unaniwasha.

"Baba mdogo, leo nakubatiza," nikamwambia, nikaanza kubandika.

"Bandika na hapa," akainamisha kipara. Nikabandika.

Tulicheka mpaka akaja mteja, akaiona nembo, akabeba nyanya zote na kuondoka na bajaji. Kicheko kikakauka.

Kwa utaratibu, nembo ile ni ya kikundi, si ya mtu. Wakulima wanakaguana wenyewe, kisha mkaguzi wa nje anapanda kuhakiki. Ikionekana kwenye zao la shamba lisilokaguliwa, kikundi kizima kinaweza kufungiwa. Na aliyekuwa akikagua wenzake kwetu ni mama. Nilikuwa namfuata kwenye matuta ya watu, yeye ananusa mabomba ya kupulizia, akisaka dawa ya dukani, kama trafiki anayenusa mdomo wa dereva, mimi namuigiza nyuma, kina mama hawana mbavu. Sasa niko bweni, nakula maharage yenye wadudu wasio na cheti, na ile harufu ya mwarobaini na pilipili, dawa yetu ya kutwanga, kwenye mabomba naitamani kama pilau.

Jioni ile nilimwambia mama. Hakunigusa. Kwenye kikao cha kikundi akasimama: "Safari hii mkosaji ni mimi. Niandikeni."

"Dada, si mtoto tu alikuwa anatania?" jirani akamtetea.

"Ingekuwa meza yako, ningekuacha?"

Wakalifungia shamba letu msimu mzima, kikundi kikapona. Jumamosi iliyofuata kabichi zetu, safi kama zamani ila hazina nembo, zikaenda kulala kwenye fungu moja na za kila mtu.

Jioni tulipanda mlima kurudi nyumbani. Nikajua kazi ya kutwanga dawa imekwisha, nani atahangaika tena bila nembo? Mlangoni mama akageuka:

"Wamechukua nembo, shamba hawajachukua. Kesho alfajiri utatwanga mwarobaini na pilipili kama kawaida, na ole wako nikusikie unapiga chafya."