Robota la Mama Lenye Viraka

Tulikuwepo mimi, Tabitha. Mama yangu, Yunisi. Felista, binti wa mama mdogo, aliyelelewa kwetu. Mzee Zakaria, mzee wa kanisa na jirani yetu wa nyumba ya tatu. Na Bwana Sizya, mteuzi wa tumbaku aliyetoka Urambo kukagua mzigo wetu. Wengine nawakumbuka wote kwa majina, ila nikiwataja hatutamaliza. Tulikuwa kwenye ghala la kijiji chetu cha ujamaa, na harufu ilikuwa ya tumbaku iliyotoka kukaushwa, tamu kama asali iliyoanza kuungua. Hata leo nikiisikia, vidole vyangu naviona vinanata.

Mwaka ule magunia mapya yalikuwa ya shida, basi mama alishona robota lake, yaani mzigo wake wa tumbaku, kwa magunia makuukuu, kiraka juu ya kiraka. La Mzee Zakaria lilikuwa jipya, limenyooka kama shati lake la Jumapili. Bwana Sizya alikwisha kutuambia kwamba akikuta robota moja limefichwa majani mabovu katikati, mzigo wa kijiji kizima utarudi. Kwa hiyo watu walilitazama la mama kwa wasiwasi.

"Mama Tabitha," akasema Mzee Zakaria, "hili ungeliacha nyumbani. Litatuponza."

"Ndani liko sawa, mzee. Lifunguliwe tu."

Mteuzi akakata uzi, akazamisha mkono mpaka kwapani. Majani yakatoka ya njano, laini, juu mpaka chini. Mimi nilikuwa mtoto wa kutaka kujua ndani ya kila kilichofungwa. Nikauliza kwa sauti, "Na la Mzee Zakaria, ndani likoje?"

Felista akanifinya. Mteuzi akacheka, akalikata. Katikati majani yalikuwa na ukungu.

Mama akaketi kwenye jamvi, akalivuta lile robota. "Bwana Sizya, tupe mpaka jioni. Mzee, vua koti, tuchambue." Mteuzi akakubali. Wakachambua wawili, mpaka mikono ya mzee ikawa myeusi kwa utomvu kama ya mama, na lori likaondoka na mzigo wetu wote.

Njiani nilitembea nimeinua kichwa. Mama akaniuliza, "Tabitha, uliuliza kwa kutaka kujua, au kwa kutaka aaibike?"

"Kwa kutaka kujua, mama."

"Haya. Mungu naye anaingiza mkono mpaka katikati," akasema, tukaendelea kutembea.

Siku hizi kanisani tunashona vitenge vya sare, tunapendeza, na mimi napenda kupendeza. Lakini nikifunga kilemba mbele ya kioo, swali la mama hunirudia, na sina hakika kama nilimjibu kweli. Mliokuwepo, kama viraka havikuwa vingi hivyo, au mteuzi hakucheka, nisahihisheni. Nawe Felista, uliyesimama ubavuni pangu ukanifinya: kama sauti yangu siku ile ilikuwa na kitu kingine ndani yake, niambie.